Senti Moja ya Mapasa

Kindu, tarehe 3 Machi 1985

Kwako mudogo wangu Asumani, uliye Baltimore kwenye baridi,

Pokea salamu za nyumba nzima, pamoja na za kuku. Mwili wako uko namna gani? Tumbo limezoea vyakula vya huko? Sisi tuko wazima. Kinachoumwa ni sukari tu, haionekani sokoni tangu mwezi jana. Mimi mwenyewe nimezidi kuwa muzuri, uliza hata ng'ambo ya mto.

Barua yako Adèle, muuguzi wa misheni, alinipa mukononi, na ndani yake ile senti nyekundu ya Amerika. Uliandika: ya mapasa wako, Omba na Shako. Sasa, Asumani, nani alikuloga? Mapasa, waliotoka tumbo moja siku moja, wanapewa mbili mbili. Ukileta kitambaa, unaleta viwili. Ukimusalimia Omba, palepale unamusalimia Shako. Wewe umetuma senti moja.

Mama mukwe wangu, Bibi Safi, ameshuka kutoka Kibombo na kikapu chake na sheria zake zote. Aliiweka senti kwenye mukeka katikati ya watoto, akaitazama kama mende.

Akasema: “Muntu anayewatumia mapasa kitu kimoja amekwisha kuwa mugeni. Irudishwe, na jina lake lisitajwe tena mbele ya hawa watoto.”

Na kwa sababu Shako hanyonyi vizuri, akasema mutoto ameshajua kwamba amenyimwa. Zawadi, muke wangu, akaanza kulia.

Basi mimi, niliyefufua saa ya mukubwa wa gari-moshi wakati mafundi wake watatu walikuwa wameisomea dua, nikatoa lupe yangu ya kazi, kile kioo cha kukuza. Nikaangalia. Kila herufi ina mwenzake pembeni, imelala naye kama kwenye kitanda kimoja. Mapasa! Nikawaambia watu wa nyumba zote za lupango: mudogo wangu si mujinga, amezunguka Amerika nzima kutafuta senti ambayo yenyewe ni mapasa. Nikaapa mbele yao. Kama si kweli, nitafunga watoto wote wawili mwilini, mumoja mbele, mumoja mugongoni, kwa kitenge cha Zawadi, nizunguke soko siku ya Jumamosi nikijiimbia nyimbo za mapasa. Unazijua. Zinamutukana baba, mama na ndugu wote wa baba, kila mumoja kwa jina lake, na zinaanzia chini ya mukaba, hazipandi.

Uliza wanaojua: hizo herufi zimezaliwa mbili kweli, ao kuna namna ingine? Fanya haraka. Senti sirudishi. Jina lako pia sirudishi.

Mimi yaya yako, kaka mukubwa,
Waziri, orloje, fundi wa saa namba moja wa Kindu (tuko wawili)


Kindu, tarehe 20 Mei 1985

Mudogo wangu,

Salamu tena. Posta njo inalala, ao ni wewe? Shako amekonda. Bibi Safi anakuita “yule wa kimoja”, na jana aliniambia senti inamula mutoto. Nikamujibu: senti haina meno. Nimefungua kinywa cha mutoto mwenyewe, ndani mweupe kama amelamba chokaa. Kesho nitamupeleka kwa Adèle, hata bibi akilala mulangoni.

Andika.

Yaya yako, Waziri


Baltimore, tarehe 11 Juni 1985

Kwako yaya wangu mupenzi Waziri,

Salaam aleikum. Niko muzima, mikono tu imepasuka kwa sabuni ya sahani za hospitali. Barua zako mbili zilifika siku moja, hata zenyewe zimekuja mapasa. Shako anaendeleaje? Nijibu hilo kwanza.

Yaya, sikuzunguka Amerika. Senti ilikuwa mufukoni. Nilisahau kwamba ni mbili. Nilisahau tu.

Hapa kuna Florentin, muzee wa Haiti, anauza sarafu za zamani. Tulisema Kifaransa. Alinicheka kidogo, kisha akanieleza. Toka mwaka 1982 senti hizi si shaba tupu. Ndani ni zinki, juu ni ngozi nyembamba ya shaba. Kwa hiyo, herufi ikionekana mbili, usishangilie mbio. Chukua lupe. Kama kila herufi ina vichwa viwili vilivyoinuka sawasawa, na pembe zake zina pengo kama zimeumwa na panya, basi ni muhuri wenyewe wa kugongea senti uliochongwa mara mbili. Hizo njo mapasa wa kuzaliwa. Kama pembeni kuna ngazi bapa na herufi imekonda, muhuri ulitikisika wakati wa kugonga. Kama hicho kivuli ni mustari mweupe, hakuna herufi ya pili hata kidogo. Ngozi ya shaba ilivutwa kwa nguvu, ikapasuka kando ya herufi, na zinki inachungulia.

Florentin anasema karibu zote anazoletewa ni hizo za kupasuka.

Ukikuta ni nyeupe, yaya, choma barua hii. Nani hapo Kindu atakubishia? Sema ni mapasa. Nimetuma senti ya pili leo hii, kwa bahasha ingine. Usiende sokoni kwa ajili yangu.

Mudogo wako,
Asumani


Kindu, tarehe 6 Oktoba 1985

Kwako mudogo wangu Asumani,

Salamu, na pole ya mikono, ipake mafuta ya mawese kama yanapatikana huko. Shako ni muzima. Adèle alimupaka dawa ya bleu kinywani mpaka akafanana na muntu aliyekula wino, na siku ya nne alishika ziwa kama mudai. Bibi Safi anasema ni dua zake. Nimemuachia.

Senti ya pili hatujaiona. Labda iko mufukoni mwa muntu wa posta.

Ya kwanza nimeiangalia saa sita, jua kali. Nyeupe, Asumani. Nikaipangusa. Nyeupe tena. Barua yako sikuichoma. Wewe unanijua kwa maringo, sasa unataka niwe na uongo juu yake? Niliita lupango lote, nikaisoma yote, mpaka na pale uliposema ulisahau.

Bibi Safi akasema: “Kumbe ni shaba ya ngozi tu, kama mwenyewe aliyeituma.”

Nikamuambia: shaba inatoka huku kwetu. Kama Amerika nzima imepata ya kupaka juu tu, aibu ni yao.

Jumamosi nikafunga kitenge. Omba mbele, Shako mugongoni. Nikaingia soko kupitia upande wa samaki, nikiimba juu ya magoti yangu na yaliyo jirani na magoti. Wamama wa samaki wakanirudishia maneno ambayo hata mimi sikuwa nayo. Bibi Safi alikuwa amesimama upande wa wauza chumvi ili aone aibu yangu vizuri.

Nilipomaliza baba na mama, nikaruka ndugu wa baba, nikarudia mwanzo. Si yeye aliyekataza jina lako? Mara ya pili nikaruka tena. Hapo Bibi Safi akashindwa. Wimbo wa mapasa ukikatwa, kwake ni vibaya kuliko senti mia. Akaweka kikapu chini.

“Si hivyo, mupumbavu,” akasema. Akaimba mwenyewe, sauti ya kufika mutoni, akakutukana toka kitovu kushuka.

Maneno yenyewe siwezi kuyaandika, barua zinafunguliwa. Lakini alikutaja, Asumani, soko lote lilisikia. Na kwa sababu watoto ni mapasa, alikutaja mara mbili.

Yaya yako,
Waziri, orloje namba moja, bado