Gari la Bibi Harusi Limelala Mno

Alhamisi

Makadara nzima hakuna anayejua magari kunishinda. Ndiyo maana nilikata springi mwenyewe, gari lilale chini kama simba, nimpeleke mpwa wangu Zaina harusini Jumamosi.

Leo kila nikigonga tuta, usukani unavuta kushoto wenyewe. Fundi akachungulia, akacheka. "Mjomba, umeshusha bodi, sasa tairodi, vile vyuma vinavyogeuza tairi, zimekaa upande. Gari likidunda, zinasukuma tairi zigeuke. Hata ukipiga alaimenti, tairi zinyooshwe, bado litavuta."

Nikamwambia hiyo ndiyo staili.

Lakini Zaina ndiye ataketi humo, na...

Kesho nitamwambia atafute gari lingine, nisingizie gauni litakunjika akiinama kuingia. Asijue tu kwamba leo gari lilipovuta kuelekea mtaroni pale Jogoo Road, mimi, dereva wa madereva, nilifumba macho.