Swali Nililomuuliza Mzee Bura

Jumatatu, 3 Machi 2008
Sketi sita za shule tangu asubuhi. Ya saba nimeikata fupi, na kitambaa ni cha watu. Akili haiko kwenye cherehani. Keshokutwa baraza la ardhi, na mimi ndiye mdaiwa. Shemeji yangu, Baba Elia, anadai marehemu mume wangu alimuuzia kiwanja chote cha Nangara mwaka 1999. Nyumba na shamba la chini, vyote. Ana karatasi. Akishinda, mimi na Neema tunatoka na vyombo vyetu kichwani. Kwetu Singida hakuna anayenisubiri. Wakili sina. Nitajisemea mwenyewe, mdomo ninao.

Jumatano, 5 Machi
Mdomo umeniponza. Baba Elia alitoa ushahidi wake, karatasi ikapokelewa kuwa kielelezo. Mwenyekiti akasema nimdodose. Nikasimama nikamwita mwongo. Mwenyekiti akanikanya: uliza swali, mama, usihutubie. Basi nikamuuliza kwa nini alinyamaza miaka yote hiyo. Mjinga mimi. Nilimfungulia mlango akaingia na mizigo yake yote. Huruma kwa mjane, heshima ya kaka yake, alisubiri mtoto akue kidogo. Mzee mmoja wa baraza alikuwa akitikisa kichwa kwa masikitiko. Anamsikitikia yeye.
Amebakiza shahidi mmoja, Mzee Bura, aliyekuwa balozi wetu wa nyumba kumi. Ndiye aliyeandika ile karatasi. Nangara nzima akisema jambo Mzee Bura, limekwisha.

Ijumaa, 7 Machi
Nimempelekea Bwana Kisanga suruali yake. Ni jirani, karani wa mahakama aliyestaafu. Nilimsimulia, akacheka mpaka akakohoa, halafu akawa mkali. Shahidi wa mwenzako humuulizi "kwa nini". Huulizi jambo usilolijua jibu. Karatasi ikiwa na kasoro, kasoro hiyo unaificha kwanza. Unamfanya shahidi aikumbatie: mwandiko ni wake, tarehe ni hiyo, hakuna kilichoongezwa. Ukishafunga milango yote ndipo unamwonyesha. Halafu unakaa chini. Akasema kukaa chini ndiyo kazi yenyewe, watu wengi hushindwa hapo.
Sawa. Kasoro iko wapi?

Jumapili, 9 Machi
Sikwenda kanisani. Nimesoma nakala ya karatasi mpaka macho yanawasha. Nangara, 14 Agosti 1999. Sahihi inafanana na ya mume wangu. Sioni kitu. Naogopa. Leo nimewaza kwenda kumpigia Baba Elia magoti aniachie chumba kimoja. Najichukia kwa kuwaza hivyo. Neema kanikuta nalia, nikamwambia ni vitunguu. Hatuna kitunguu hata kimoja.

Jumanne, 11 Machi
Nimeipata.
Nilikuwa natafuta cheti cha ndoa kwenye sanduku. Juu kabisa kimeandikwa: Wilaya ya Babati, Mkoa wa Arusha. Nikakishika tu, nikikumbuka harusi. Halafu nikausoma tena ule mstari wa juu. Nikachukua karatasi ya Baba Elia. Juu: Nangara, Babati, Mkoa wa Manyara. Mwaka 1999! Wakati ule Manyara lilikuwa ziwa tu. Mkoa umekuja 2002, nani asiyejua, mimi mwenyewe nilishona sare za kwaya iliyoimba siku ya kuuzindua. Tumeshazoea kuandika Manyara, mkono wa mzee ukaenda wenyewe.
Bwana Kisanga kaiangalia kwa miwani yake na ya mkewe. Kasema nisimwambie mtu yeyote.

Jumatano, 12 Machi
Imeahirishwa wiki moja. Mwenyekiti yuko safarini. Nimeharisha tangu asubuhi bure.

Jumatano, 19 Machi
Acha niandike.
Nje ya baraza nilimwamkia Mzee Bura. Marahaba Mama Neema, akasema, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Ndiye aliyetangulia jeneza la mume wangu. Ningependa awe mtu mbaya.
Ndani niliuliza polepole kama nilivyofundishwa. Mwandiko ni wako, mzee? Wangu. Uliandika tarehe hiyohiyo? Hiyohiyo. Kuna neno liliongezwa baadaye? Hakuna. Tusomee mstari wa juu. Akavaa miwani, akasoma mpaka Mkoa wa Manyara. Nikauliza: mwaka 1999 Babati ilikuwa mkoa gani? Mwenyekiti akaacha kuandika. Baba Elia akainamia viatu vyake.
"Arusha," Mzee Bura akasema.
Hapo nilitakiwa kukaa. Bwana Kisanga kule nyuma alikuwa ananionyesha kwa kiganja: kaa, kaa. Nilikuwa nimeshinda. Lakini hasira ilinipanda, hasira ya mtu aliyemheshimu. Nikamuuliza: "Mzee, kwa nini umenifanyia hivi?"
Akavua miwani. Akasema karatasi ya kwanza ililiwa na mchwa. Mwaka jana Baba Elia alikuja aandikiwe nyingine, akaiandika kwa tarehe ya zamani, sahihi ya marehemu hakuona imewekwa na nani. Aliambiwa aandike kiwanja chote, akaandika, na hilo ni kosa lake mbele ya Mungu. Kilichouzwa kweli ni shamba la chini, kuanzia mtaroni. Alikuwepo. "Wewe ulikuwa hospitali ya misheni, wanakupasua mtoto atoke. Mumeo alihitaji fedha siku ileile. Akaniapisha usijue."
Tarehe 14 Agosti. Siku aliyozaliwa Neema. Nimeisoma mara mia na sikuiona.

Alhamisi, 20 Machi
Bwana Kisanga hakunisemesha mchana kutwa. Jioni kaniambia maneno mawili: ulikuwa umeshinda. Najua.
Namkasirikia mume wangu. Miaka yote nalima shamba la mtu, nikimpigia kelele mdogo wake kila ng'ombe wake akipita. Na mume wangu anakula ugali, ananyamaza. Baba Elia naye, lake alilijua, akataka na langu. Sijui nimchukie nani kwanza.

Jumatano, 16 Aprili
Hukumu. Karatasi imetupwa, haina thamani. Nyumba ni yangu. Shamba la chini ni la Baba Elia, kwa kuwa mauzo yake yamethibitishwa na shahidi "akijibu swali la mdaiwa mwenyewe". Mwenyekiti aliyasoma hayo bila kuinua macho. Ninaruhusiwa kuvuna kilichopo, kisha nikabidhi.
Ningekaa chini, lingekuwa langu lote. Nimetembea kutoka mjini mpaka nyumbani, mvua yote imeniishia mwilini.

Jumamosi, 19 Aprili
Nimepalilia shamba la chini. Mahindi yamefika magotini, maharage yameanza kutambaa. Baba Elia alipita barabarani, tukasalimiana.
Neema alinifuata na maji ya kunywa. Wameshamwambia shuleni kwamba baba yake aliuza shamba. Akaniuliza baba alinunua nini.
Nilimtazama, miguu yake mirefu, kidonda cha goti, kidumu mkononi. Nikamwambia asogee, anakanyaga maharage.