Kofia Niliyoishona Mwenyewe

Kibokoni, Mombasa
Jumatatu, baada ya Alasiri

Kwa mke wangu Mwanaidi, mama Saida,

Assalamu alaykum. Najua huenda salamu hii ukaipokea kwa kusonya, na una haki. Hata hivyo nakusalimu, na ya pili ni ya Saida. Kikohozi chake kimepoa? Na mama mkwe, miguu inamruhusu sasa kutoka mpaka uani? Lile paa la jikoni kwake nililoliacha likivuja limeezekwa au bado mnapika na ndoo pembeni? Mimi mwilini mzima, alhamdulillahi. Moyoni si mzima hata kidogo. Nimekuandikia kwa herufi za Kiarabu ili uisome mwenyewe, isipite mdomoni mwa mtu, maana humu mna mambo ninayoyaonea haya hata nikiwa peke yangu na karatasi.

Wiki iliyopita kaka yako Bakari alinifuata Kilindini, pale getini tunapotokea kazini. Hakunipa mkono. Akaniambia mbele ya watu, "Mwanaidi amerudi kwa baba. Anasema huyo aliyekushonea kofia na akupikie. Wewe andika talaka, uniletee mimi, nitaipeleka." Akageuka akaenda zake. Nikabaki nimesimama na kikapu changu cha chakula mkononi, watu wananipita.

Mama Saida, hakuna mwanamke. Kofia ile niliishona mimi.

Najua umeacha kusoma hapo ukatazama ukutani. Haya, rudi, nikueleze yote tangu mwanzo.

Ile kofia yako, ile uliyonishonea ukiwa na mimba ya Saida, imezama. Tulikuwa tukishusha magunia ya mchele melini, mzigo ukayumba, nikainama, kofia ikaanguka baina ya meli na gati. Nikalala kifudifudi ukingoni, nikanyoosha mkono mpaka bega likalia. Nyapara akanikamata mguu akanitukana, "We Athumani, wataka kufa kwa ajili ya kofia?" Ilielea kidogo, ikanywa maji, ikaenda chini mbele ya macho yangu. Mtu mwenye akili angekuandikia siku ile ile. Lakini nilikumbuka siku naondoka Pangani, uliponivika kwa mikono yako ukasema, "Hii ya sala na ya mikutano, usiivae kazini." Na mimi niliivaa kazini, kwa kujishaua tu, ili wenzangu wajue kwamba nami kwetu nina mtu.

Basi nikaingiwa na wazimu wa kutaka kuirudisha kabla hujajua. Kofia za kununua zipo tele, wanaziuza hata pale karibu na Ngome. Lakini maua yako ningeyapata wapi, yale uliyoyatunga mwenyewe, yenye vijani vinavyoelekeana? Wanawake mafundi wapo hapa mjini, tena hodari. Kumpa mwanamke mwingine anishonee maua yako, hilo nililikataa katakata. Niliona ni kukuvunjia heshima. Angalia basi heshima hiyo ilikonifikisha!

Nikaenda duka la nguo kununua bafta, kile kitambaa cheupe kinachokatiwa sanda. Mwenye duka akanitazama, akaniuliza kwa upole ni nani aliyefariki. Nikamwambia hajafa mtu. Akazidi kunitazama, akanikatia. Nikapima kichwa kwa uzi wa katani, nikachora maua kwa penseli kwa kukumbuka tu, na vitundu nikavitoboa kwa sindano ya kushonea magunia, maana ndiyo sindano niliyokuwa nayo. Vikatoka vikubwa, mbaazi ingepita bila kugusa. Ile nikaitupa. Nikanunua sindano ndogo, nikaanza nyingine, nikasahau kuacha nafasi ya kuunganishia, ikanikaa utosini kama kifuniko cha birika. Ya tatu ndiyo hiyo iliyoleta balaa.

Wallahi, sikujua kazi yenu ilivyo. Nilikuwa nakuona kule nyumbani unashona huku unaongea, huku unamfokea kuku, hata hutazami mkono. Mimi uzi unakatika, unajifunga mafundo, sindano inaanguka mkekani naitafuta kwa magoti. Mikono hii inayobeba magunia mawili haikuweza kuzungusha uzi kwenye kitundu kimoja bila kujichoma, na nikijichoma nilikuwa napiga ukelele. Nami kwa kuona haya, kila Jumapili tukiwa hatuna kazi, nilikuwa najifungia chumbani. Bi. Mwanakombo, mwenye nyumba hii, ajuza asiyepitwa na jambo, alikuwa akipita ukumbini akisikia. Sasa unajua aliyomwambia Bakari alipokuja kumuuliza? "Huyo mpangaji wangu kila Jumapili yuwajifungia mlango, nami nasikia mtu mle ndani akiguna." Ya Rabi! Mtu mwenyewe ni mimi.

Siku ya Idi nikaivaa. Sikufichi, nilijiona. Nilikuwa nimeitia wanga wa mchele ikasimama vizuri, na kwa mbali ilifanana na yako. Tulipotoka kusali tukakaa barazani hapa Kibokoni, mimi na wenzangu wa bandarini, tunakunywa kahawa. Bakari naye akaja kutupa mkono wa Idi. Akanitazama kichwani. Akaivua kofia kwa mkono wake, akaigeuza ndani nje, akaipitishia kidole.

"Hii si kazi ya dada yangu," akasema. "Nani kakushonea?"

Kabla sijafungua kinywa, akadakia Juma, mwenzangu wa genge moja kazini, yule niliyekwambia hana breki mdomoni. "Bwana we, usimbane shemejiyo siku ya Idi! Mtu mbali na kwao, muache naye apate wa kumliwaza!" Wakaangua kicheko wote.

Nami nikacheka, Mwanaidi. Hapo ndipo nilipokosea. Nikacheka, nikasema, "Ni wa hapa hapa mjini." Bakari akanirudishia kofia kichwani taratibu, kama mtu anayemvika maiti, akaondoka bila kuaga. Juma akanipiga bega akasema kumbe mimi mwanamume.

Utauliza kwa nini sikusema. Nimejiuliza mwenyewe mpaka nimechoka. Wanaume wanaoshona kofia wapo, wengine wazee wa heshima, wanashona barazani mchana kweupe na hakuna anayewacheka. Lakini hao wanajua kushona. Mimi niliogopa nikisema "ni mimi", kesho yake bandarini jina langu litakuwa Bi. Athumani, tena kila mtu ataishika ile kofia aone nilivyoboronga. Nikaona afadhali wanidhanie mhuni kuliko wanidhanie mjinga. Mhuni hupigwa bega. Wewe uliyeko Pangani hukuwamo kabisa katika hesabu yangu pale barazani, na hilo nalikiri nikiwa nimeinamisha kichwa. Ningesema nilikukumbuka ningekuwa nasema uongo wa pili. Sikuwaza kwamba maneno yale yatavuka mpaka yafike kwenu, ufunge nguo zako, umbebe mtoto, upite mtaa mzima mchana watu wanakutazama kwenda kwa baba yako. Nilipoyasikia hayo nilitamani ardhi inimeze.

Jana ilikuwa Jumapili. Sikufunga mlango. Baada ya kusali Alasiri nilichukua kitambaa, uzi na sindano, nikashuka navyo barazani. Walikuwepo wale wale, Juma akiwa mbele kabisa. Na Bakari nilikuwa nimempelekea salamu tangu asubuhi, nikamuomba kwa jina la mama yake afike tu, hata asiponiitikia salamu. Nikakaa kitako, nikaanza kutunga uzi. Uzi ukakataa kuingia, nikaulamba, ukakataa tena.

"Athumani, waumwa?" Juma akauliza.

"Siumwi. Nashona kofia. Na ile ya Idi niliishona mimi mwenyewe. Sina mwanamke mji huu wala mji mwingine, ila mke wangu."

Walicheka mpaka muuza kahawa akaliweka dele lake chini asilimwage. Juma alilala chali kabisa. "Bi. Athumani! Nami nina suruali imetatuka, utanitoza ngapi?" Mwingine akataka nimpimie kichwa cha mwanawe. Bi. Mwanakombo akachungulia dirishani juu, akashika kifua. "Kumbe ile miguno yote ni sindano! Nami nishasema kwa watu, astaghfirullahi!" Masikio yaliniwaka moto, jasho likanitoka mpaka kitambaa kikalowa. Lakini sikuinuka. Nilishona, nikajichoma, wakacheka tena, nikashona.

Bakari alikuwa amesimama kando, hacheki. Akaniambia nikalete ile ya Idi. Nikaileta. Akaishika, akakaa karibu yangu, akasema, "Endelea, nione." Nikaendelea kwa mkono wangu huu wa kushoto. Akawa anatazama mkono, anatazama kofia, nyuzi zilivyolala kotekote upande wa mtu wa kushoto, ambao hakuna fundi anayezilaza. Kisha akaniuliza:

"Kwa nini hukusema siku ile, bwana?"

"Niliona haya, shemeji."

"Na dada yangu je? Aibu yake yeye hukuiona?"

Nikaiweka sindano chini. Wale wengine nao walikuwa wameacha kucheka. Juma akainuka akaenda kujinunulia sigara, akarudi, akakaa tu.

Bakari anasafiri Alhamisi kwa basi la Tanga na barua hii atakupa mkononi. Ile kofia pia anakuletea, amekubali mwenyewe kuibeba. Itazame vizuri. Nimejaribu kuyakumbuka maua yako, mawili ya mbele nadhani yamekaribia, yale ya kisogoni nimeyakosa kabisa, yanaonekana kama kunguni. Ndani utaona madoa, ni damu ya vidole, nimeyafua hayatoki. Hakuna mwanamke anayejiheshimu ambaye angeitoa kazi hii mkononi mwake akampa bwana wa watu.

Nakuomba jambo moja tu, na si la kunisamehe, hilo liko mikononi mwako. Najua ukiwaonyesha watu kofia hii utakuwa umenivua nguo, na najua tabia yako ya kunisitiri hata unapokuwa umenikasirikia. Mara hii usinisitiri. Ipeleke kisimani. Wape wale waliokuonea huruma ya kinafiki, waishike, waigeuze, wapitishe vidole kwenye yale matundu, uwaambie, "Huyu ndiye hawara wa mume wangu." Wakicheka, nao watacheka sana, wanicheke mimi. Nilikuachia wewe ubebe kicheko changu peke yako huko uliko. Nakitaka kirudi kwangu.

Talaka sijaandika. Mkono huu umeweza kushona kofia mbovu mbele ya baraza zima, lakini kuandika hiyo hauwezi. Ila kama moyo wako umekwisha kuamua, niletee neno, nitakuja mwenyewe mbele ya baba yako niambiwe usoni. Nikija, nitakuja kichwa wazi. Sistahili kofia yako nyingine, wala sikuombi.

Mfikishie salamu baba mkwe, mwambie nazituma nikiwa nimepiga magoti. Mama mkwe sina uso wa kumsalimia, lakini nawezaje kuacha kumsalimia aliyenipokea kama mwanawe? Mpelekee shikamoo yangu, akiikataa usimlazimishe. Mama yangu mzazi nisalimie, na umuombe radhi kwa niaba yangu, maana nimesikia alilia. Saida mshike mkono kwa ajili yangu. Akiuliza baba anafanya kazi gani Mombasa, mwambie anabeba mizigo, na kushona anajifunza.

Mumeo, ikiwa bado waniita hivyo,
Athumani