Meza Iliyoshtakiwa kwa Kusogea

MAELEZO YA SHAHIDI

Najulikana kama Mama Futi, umri miaka 52, fundi wa mageti na madirisha ya chuma, naishi chumba namba 6 nyuma ya karakana yangu. Nina akili timamu, ila nimechoka. Niko kwenye benchi la kituo hiki cha polisi tangu saa moja asubuhi.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, saa 4:20 asubuhi, mkaguzi wa barabara alibandika mlangoni kwangu karatasi ya Kiingereza. Neno kubwa lilikuwa encroachment. Nikamuuliza maana yake. Akasema, "Umevunja sheria, mama. Toa meza."

Mwalimu mstaafu, mteja aliyekuja kuchukua dirisha lake, aliisoma. Akatueleza kwamba neno hilo si kuvunja sheria kokote tu. Ni kusogea kidogo kidogo mpaka ukaingia pasipo pako. Husemwa juu ya jirani anayehamisha uzio, au mto unaokula shamba la mtu.

Meza yangu ya kazi, iliyo mbele ya karakana kando ya barabara, haijasogea. Niliifunga mwenyewe kwenye zege kwa boliti nne, miaka kumi na moja iliyopita, sentimita 20 ndani ya mstari wa njano wa mpaka wa barabara, upande wangu. Mwezi uliopita mstari ukapakwa upya. Nilipima mbele ya mkaguzi: sasa meza imeupita kwa sentimita 11. Yaani mstari ndio uliokuja kwangu, sentimita 31.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye nafanya naye kazi, akamwambia, "Basi mkuu, karatasi kaubandikie mstari." Watu wakacheka.

Mkaguzi akapandwa na hasira, akaivuta meza kwa mikono miwili. Haikutikisika. Mikono ikateleza, akaanguka chali. Shemeji alikuwa hatua tatu kutoka hapo, ameshika ncha ya futi kamba tuliyopimia. Hakumgusa, ila alipokwenda kumwinua.

Saa 5:05 shemeji akakamatwa kwa shambulio. Leo siku ya tatu yuko mahabusu, nyuma ya ukuta huu ninaouegemea. Namsikia akikohoa.

Niliyoyaona ni hayo. Vipimo vyangu avipime tena yeyote atakaye.

Sahihi: Mama Futi

Maandishi ya askari: Shahidi amesomewa maelezo yake, ameyakubali. Saa 7:30 mchana nimefika karakana na kupima. Rangi ya zamani bado inaonekana, sentimita 31 nje ya mpya. Nimependekeza kwa mkuu wa kituo mtuhumiwa aachiwe leo. Meza nimeivuta mwenyewe, mara mbili; haikusogea.