Tatizo Ni Draiva

Jumamosi, Shirimatunda. Manyunyu tangu asubuhi, na mlima umejifunika mpaka mgeni angeapa kwamba haupo.

Leo nimecheka na kulia kwa pamoja, na chanzo ni kompyuta. Ngoja niandike kabla haijanitoka.

Baba alikuwa dereva wa malori. Alipeleka mizigo Zambia na Kongo tangu sijazaliwa, na mautingo wake walimwita Draiva, hata kwenye simu. Mwaka jana akapata kiharusi. Mguu ulirudi, maneno yakarudi, mkono wa kushoto ukabaki nyuma. Hospitali walimpa mpira laini awe anauminya. Akauweka dirishani. Alisema yeye si mtoto.

Mimi nahariri video za harusi, kwa hiyo nina kompyuta yenye kadi nzuri ya picha. Siku moja niliazima usukani wa gemu kwa rafiki, nikaunganisha, nikafungua gemu ya malori yanayopita barabara za Ulaya na kumwita aje aone. Alisimama mlangoni kwa dharau. Kisha akauliza mbona nakata kona vibaya hivyo. Kisha akaketi.

Toka hapo alasiri zikawa zake. Anashika usukani kwa mikono yote miwili, maana hajui namna nyingine ya kuushika. Vidole vya kushoto vikaanza kufunguka, taratibu.

Ndipo gemu ikaanza kuzimika.

Kompyuta yenyewe inabaki imewaka. Ila anapofika kwenye mteremko wa milimani, picha inaganda, kioo kinakuwa cheusi, mlio wa injini unakwama. Kidogo tu, tunarudishwa mwanzo, na ujumbe mdogo unatokea kusema draiva ya kadi ya picha imeacha kufanya kazi. Kila mara Baba anaondoa mikono haraka kama aliyeungua.

"Nimeiharibu tena," anasema.

Nilijaribu kila nilichokijua. Nilifungua kasha nikapuliza vumbi. Nikaangalia feni zinazunguka, nikapima joto, lilikuwa la kawaida. Nikapunguza ubora wa picha mpaka miti ikaonekana kama maboksi. Wapi. Mteremko uleule, giza lilelile.

Juzi nikampigia Rehema, rafiki yangu aliyeko Arusha, ambaye kazi yake ni kompyuta. Nilikuwa barazani. Akaniuliza kama mashine imejisasisha karibuni. Nikaenda kuangalia, na kweli, ilikuwa imejiwekea draiva mpya bila kuniuliza, wiki ileile matatizo yalipoanza. Nilirudi barazani nikapiga kelele kwa furaha: "Kumbe kompyuta haina shida kabisa! Tatizo ni draiva tu!"

Baba alikuwa sebuleni. Dirisha lilikuwa wazi.

Jana nilikuwa na harusi ya kumalizia, sikugusa kitu kingine. Baba naye hakuja. Alisema amechoka. Nilimwona kashinda na koti lake, mkono umo mfukoni, na sikuuliza.

Leo asubuhi, Mama anamenya ndizi za mtori, hakuniangalia hata usoni. "Manka, ulikuwa unamwambia nani kwamba tatizo ni baba yako?"

Sikuelewa. Halafu nikaelewa. Nilicheka mpaka nikashika meza, na kile kicheko kikageuka njiani. Mama akaniacha nilie, akaendelea kumenya.

Nilimkuta Baba bandani, anamtazama ng'ombe akila majani ya mgomba.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba."

Nikamwambia draiva niliyemsema siyo yeye. Ni programu inayokaa kati ya kompyuta na kadi ya picha, inayoiambia kadi ifanye nini. Alisikiliza huku amekunja uso, vile anavyosikiliza injini.

"Kwa hiyo siyo mimi."

"Siyo wewe, Baba. Mashine ilimweka mpya na huyo mpya ndiye anayetuangusha. Leo namwondoa. Namrudisha wa zamani."

Ng'ombe akatafuna.

"Unamrudisha mzee?"

"Namrudisha mzee."

Baba akacheka. Sikuwa nimeusikia mcheko huo tangu kabla ya hospitali.

Alikuja kukaa pembeni yangu nikifanya kazi. Nilikata intaneti kwanza ili mashine isijiwekee tena kitu. Nikaiwasha kwa hali ya usalama, ile inayowasha vitu vya lazima tu, kioo kikawa na maandishi makubwa mabaya, nikamwona anashtuka, nikamwambia ni kawaida. Nikafuta draiva mpya na mabaki yake yote, nikapakia ile ya zamani aliyonitumia Rehema, nikazima, nikawasha.

"Endesha," nikamwambia.

Alikaa. Mkono ukatoka mfukoni.

Sikuweza kukaa mimi. Nilisimama nyuma ya kiti chake. Mteremko ulipokaribia, mabega yake yalipanda, na mimi nikafumba macho. Nilisikia injini ikishuka gia, breki zikipumua, kona ya kwanza, kona ya pili. Mlio haukukwama. Nilipofumbua, tulikuwa kwenye tambarare na Baba anaitukana gari ndogo iliyomkatia njia.

Mama alikuwa ameingia na chai bila mimi kujua. Baba alinyoosha mkono wa kulia akachukua kikombe, akanywa, macho yakiwa barabarani. Usukani ulikuwa umebaki kwenye mkono wa kushoto, peke yake, na lori lilikuwa limenyooka.

Mama aliona. Mimi niliona.

Kisha Mama akavuta kigoda akaketi ubavuni mwake. "Miaka yote ile hujawahi kunipakia," akamwambia. "Mimi naishia kukusindikiza getini tu. Huku ni wapi?"

"Ujerumani, nadhani."

"Tutafika saa ngapi?"

"Wewe kaa. Ukisinzia nitakuamsha."

Nilitoka nikawafungia mlango polepole. Nimeshazima kujisasisha kote. Kesho baada ya ibada nitatafuta kiti kirefu zaidi, maana kutoka kwenye kigoda Mama haoni barabara vizuri.