Maua Yaliyokwenda Kanisani

Jumamosi, 2 Novemba
Nimekimwagilia kichaka kama kawaida. Kikombe kimoja, shinani. Miaka minne nimengoja, na sasa maua kumi na moja, meupe, yananukia hadi jikoni. Mche aliniletea Kaluki, dada ya mume wangu, kutoka Kyuso. Kilimani kwao kichaka cha mwisho cha aina hii kilikatwa kikawa makaa. Miche yake mingine ililiwa na mbuzi. Anachosubiri ni mbegu za hiki changu. Kesho ni zamu yangu kupamba kanisa.

Jumapili, 3 Novemba
Nimeyakata yote. Nilianza na mawili, chombo kikaonekana kitupu. Mchungaji ameyasifu mbele ya watu nami nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu. Mnyenyekevu gani! Kufika saa tisa yamenyauka.

Jumanne, 5 Novemba
Wifi amepiga simu kuuliza kama maua yameanza kufunga mbegu. Nikamwambia mbuzi wa jirani wameyala. Sikusita hata kidogo. Jirani anafuga kuku.

Alhamisi, 14 Novemba
Wifi amekuja bila kuniambia, safari ya siku nzima, panga ndani ya kiondo. Amekizunguka kichaka, akashika vijiti pale nilipokata. Akaenda kukata miiba.

Ijumaa, 15 Novemba
Boma la miiba kuzunguka kichaka limekwisha. Mimi nampa matawi, yeye anasuka. Mikono yake imetoka damu kwa sababu ya mbuzi ambao hawako. Naona aibu mpaka chai imenishinda. Mara tatu nimefungua mdomo nimwambie ukweli. Mara zote tatu nimeuliza kama sukari inatosha.

Jumamosi, 16 Novemba
Nimemwambia akifunga kiondo chake. Hata hakugeuka.
"Nilijua, wifi. Mbuzi haina kisu."
"Sasa boma ni ya nini?"
"Ni yako."
Nimemsindikiza hadi stendi.

Jumapili, 24 Novemba
Akina mama wa kanisa wameuliza kama nitaleta yale maua tena. Nimesema hayakuwa yangu.
Boma halina mlango. Nilidhani alisahau. Kumwagilia, napitisha mkono kati ya miiba, nakwaruzwa, nusu ya maji inamwagika nje. Mwaka huu hakuna mbegu. Nimejaza kikombe tena.