Udongo wa Nyuma ya Tangi

Gatwekera, Kibera
3 Machi 1996

Kwa dada yangu Rosebella,

Pokea salamu kutoka kwangu, Celine na watoto. Sisi tunaendelea, ila mdogo anakohoa tangu maji yalipoingia nyumbani wiki jana. Natumaini wewe hujambo huko Kongo ya Kawangware, na mgongo umepunguza kuuma.

Dada, najua hatujaonana tangu mazishi ya mumeo Walubengo, na najua unasema sikuja. Kweli sikuja. Sikuwa na kazi wakati ule, na mwanamume hawezi kufika kwa shemeji zake mikono mitupu. Hayo tuyaache. Nakuandikia juu ya mambo ya dala, boma la kwetu.

Desemba nilienda Alego kuomba mahali pa kujenga, maana nimechoka kulea watoto juu ya mtaro. Baba mdogo Phanuel akaniuliza mbele ya watu wote, "Baba yako Ogweno amelala wapi hapa? Nionyeshe kaburi." Akasema mtu ambaye baba yake hana kaburi hapo ni mgeni, na mgeni atapewa chai lakini shamba hapewi. Wazee walinihurumia. Walisema nikileta udongo wa kaburi lake tuuzike palipokuwa na boma la babu, Phanuel hatakuwa na neno.

Mimi nilikuwa tumboni Baba alipokufa, na Mama hayupo tena. Wewe peke yako ndiye unajua alizikwa wapi kule Limuru kwa yule mzungu. Siku hizi nyumba ile watu wanalipa kuingia kuona maua. Celine akiuza omena hapo sokoni Kawangware amesikia akina mama wa kanisa lenu wanaenda Pasaka. Enda nao, dada. Niletee Baba.

Ndugu yako mdogo,
Oyoo

Kongo, Kawangware
12 Machi 1996

Kwa Oyoo,

Salamu zimefika kwa mkono wa Celine. Mgongo uko vile vile, asante kwa kuuliza baada ya miaka miwili. Mtoto mpe ndimu na asali, na umtoe kwenye hiyo baridi.

Unasema hukuja kwa sababu ya mikono mitupu. Mikono mitupu ndiyo niliyohitaji siku ile. Shemeji zangu walitoa kitanda changu nje kaburi la Walubengo likiwa bado bichi, wakasema mwanamke asiyezaa anangoja nini pale. Nilitafuta mtu wa kwetu wa kusimama nami, hata kama angesimama tu bila kusema kitu. Hakukuwa na mtu. Nilikasirika na bado nimekasirika, nisikufiche.

Mahali pa Baba napajua. Nilikuwa na miaka kumi. Alikuwa mkata ua kwa Bwana Harcott, kifua kikamshika wakati wa baridi, akaenda. Ilikuwa Hali ya Hatari, hata mtu mzima mwenye afya hakusafiri bila pasi, nani angempa maiti pasi ya kwenda Alego? Walimzika nyuma ya tangi la mawe.

Nitaenda. Lakini na mimi nina langu. Nikifa nitazikwa wapi, Oyoo? Kwa akina Walubengo nimefukuzwa. Mila ninaijua, binti aliyerudi kwao hazikwi ndani ya boma. Sikuombi ndani. Nipe nje ya ua wako, upande wowote utakaopenda, na kibanda cha kuzeekea kabla ya siku hiyo. Nijibu hilo.

Dada yako,
Rosebella

Gatwekera
20 Machi 1996

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Mtoto amepata nafuu, asali ilisaidia. Wewe je, unaendeleaje?

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Uliposema utaenda, nilimwita Celine nikamsomea kwa sauti. Mungu akubariki.

Hilo lako pia nimelisoma. Wewe ni damu yangu, tutakosaje kuelewana? Leta udongo kwanza. Mengine tutaongea nikishapata mahali pa kusimama.

Ndugu yako,
Oyoo

Kongo
14 Aprili 1996

Kwa Oyoo,

Habari za baada ya sikukuu. Natumaini watoto walikula chapati wakashiba. Mimi miguu imevimba, lakini nilifika.

Tulienda Jumatatu ya Pasaka, akina mama wote na mwenyekiti wetu Nekoye, tumevaa leso za sare kama tunaenda harusini. Getini tulipewa kijana wa kututembeza, amefunga tai. Alituonyesha veranda ambapo wazungu walikuwa wakinywa chai, ngazi za mawe, bwawa la samaki wekundu, na ule ua uliokatwa ukawa ukuta mrefu wa kijani. Akasema, "Hii garden yote Bwana Harcott alitengeneza na mikono yake mwenyewe." Akina mama wakasema kweli huyo mzungu alikuwa na bidii. Mimi nikautazama ule ua. Nilikuwa nikimpelekea Baba uji pale, akiwa juu ya ngazi na mkasi mkubwa, akishuka ananiwekea kijitawi cha ua kwenye nywele. Nilitaka kusema, nikaona nitawaharibia wenzangu siku yao. Walikuwa wamefurahi sana. Wengine hawajawahi kuona nyasi nyingi hivyo bila ng'ombe hata mmoja.

Nyumba zetu za wafanyakazi zimebomolewa, pamekuwa mahali pa kuegesha magari. Nikaogopa sitapaona. Lakini tangi la mawe lipo, limevikwa maua ya kutambaa, na nyuma yake nikaona mawe ya makaburi. Nikasema labda kuna mtu alimkumbuka. Kumbe ni ya mbwa, Oyoo. Mbwa wa Bwana, kila mmoja na jiwe lake na jina lake. Yule kijana akatusomea, "Huyu ni Rex. Imeandikwa alikuwa rafiki wa kweli." Akina mama wakacheka. Rex mimi namjua. Alikufa mwaka ule ule wa Baba, akazikwa ubavuni kwake, na mazishi yote mawili niliyaona. Ya mbwa ndiyo Memsahib, mke wa Bwana, alilia.

Mahali pa Baba hapana jiwe. Pana mawaridi mekundu.

Nilimnong'oneza Nekoye. Alitandika leso yake pale pale, akawaambia akina mama kwamba tunakula hapa. Askari akaja mbio, "Mama, hapa hamkai, picnic ni kule chini." Nekoye akamjibu, "Kijana, tumeshaanza kuomba. Toa kofia." Na akaanza kweli. Akaombea serikali, wagonjwa, mvua na mahindi, akafika hadi kwa mama mzazi wa yule askari. Yeye amesimama tu, kofia mkononi. Mimi nyuma ya migongo yao nikachimba na kijiko, miiba ikanichoma, nikajaza mkebe wa mafuta ya Kimbo. Nikamwita kwa jina vile Mama alivyokuwa akimwita. Nikamwambia inuka twende nyumbani, mtoto uliyemwacha tumboni anakuita. Nililia sana. Wenzangu walidhani ni maombi.

Mkebe uko chini ya kitanda changu, nimeufunga kwa kitambaa cheupe. Njoo uuchukue mwenyewe. Na uje na jibu langu.

Dada yako,
Rosebella

Gatwekera
2 Mei 1996

Kwa dada Rosebella,

Salamu kutoka kwetu sote. Tuko wazima, na wewe natumaini miguu imepoa.

Umefanya kazi ambayo sitaisahau. Kuja mwenyewe sitaweza, nimepata kibarua Industrial Area na msimamizi hataki kusikia habari ya ruhusa. Celine akileta barua hii mpe huo mkebe. Haya mengine tutapanga polepole.

Ndugu yako,
Oyoo

Kongo
5 Mei 1996

Kwa Oyoo,

Salamu. Miguu imepoa.

Celine ameondoka na mkebe, umefungwa kwa kitambaa cheupe. Nilimuuliza umemtuma aniambie nini kuhusu mahali pangu. Akaangalia chini, akasema hukumtuma na neno. Celine simlaumu.

Mkishapanga siku mniambie, nije nimsindikize Baba. Mimi ndiye niliyemwamsha.

Dada yako,
Rosebella

Alego
1 Septemba 1996

Dada yangu mpendwa,

Salamu kutoka nyumbani. Najua tumenyamaza muda mrefu, usikasirike, shughuli zilikuwa nyingi. Celine atakuletea hii akirudi Nairobi kufunga nyumba ya Gatwekera.

Baba amerudi. Tulimzika mwezi wa nane. Ng'ombe alichinjwa, pasta akahubiri vizuri, na Phanuel mwenyewe alishika jembe akalia mbele ya watu akimwita kaka yake. Nimepewa shamba karibu na mto. Nguzo zimesimama na upande wa mbele tayari una mabati. Asubuhi ninaamka nasikia ndege badala ya majirani wakigombania choo.

Nilitaka uwepo, lakini wazee walisema tufanye haraka kabla ya mvua, na kutuma habari kungechelewesha mambo. Lile lako nililitaja. Wamesema mke ni wa alikoolewa, kwa hiyo akina Walubengo ndio wenye kukuzika. Mimi sina nguvu juu ya hilo, ndio mwanzo nimepokelewa. Karibu utusalimie Krismasi.

Ndugu yako,
Oyoo

Kongo
15 Septemba 1996

Kwa Oyoo,

Salamu zako nimezipokea. Mimi mzima wa mwili. Natumaini Celine na watoto wamezoea huko.

Nataka usome hii ukiwa umekaa. Siku ile Celine alipokuja bila jibu langu, niliingia ndani nikamwacha mlangoni akinywa chai. Nilichukua mkebe mwingine nikatokea nyuma ya nyumba, pale ninapomwaga maji ya kufulia, nikachota udongo. Nikaufunga kwa kitambaa cheupe. Huo ndio alioubeba. Huo ndio mliochinjia ng'ombe, na huo ndio Phanuel aliulilia.

Baba bado yuko chini ya kitanda changu. Sikukusudia akae huku. Nilijua siku ya mazishi ikipangwa utaniita, au utakuja mwenyewe kuniomba nije, na ukija ningekupa wa kweli mkononi, hata ungeninyima kibanda. Nilingoja Juni, Julai, Agosti. Kila mlango ulipobishwa nilisema ni wewe.

Njoo umchukue. Sikuombi tena shamba wala kibanda. Njoo tu Baba afike.

Dada yako,
Rosebella

Alego
29 Septemba 1996

Dada,

Salamu. Sisi wazima.

Barua yako nimeisoma nikaichoma, hata Celine hajaiona. Ulichofanya ni kibaya sana, lakini sitaki kugombana. Fikiria mwenyewe. Nikiwaambia wazee kwamba pale tumezika matope ya Kawangware, Phanuel atanitoa kabla ya jua kutua, na mabati yangu yatabaki kwake. Watoto wameanza shule. Nirudi wapi?

Kaburi lipo, limejengewa, na watu wote wanajua ni la Ogweno. Hilo latosha. Wewe ulijua kunyamaza toka Mei, basi endelea kunyamaza. Huo mwingine umwage tu.

Oyoo

Kongo
13 Oktoba 1996

Kwa Oyoo,

Salamu kwako, kwa Celine na kwa watoto. Mimi mzima.

Ulisema niumwage. Nimeumwaga. Alhamisi, sikukuu ya Oktoba kumi, nilirudi Limuru peke yangu. Yule kijana wa tai alikuwa akiwaambia watoto wa shule habari ya mikono ya Bwana Harcott. Nikapita, nikaenda nyuma ya tangi. Askari ni yule yule, akanitambua, "Mama wa maombi, umerudi?" Nikamwambia nimekuja kumalizia yaliyobaki. Akaona mkebe nilioushika. Alitoa kofia bila kuambiwa, akanigeuzia mgongo.

Nilimrudisha Baba kwenye mawaridi yake, nikamwomba msamaha kwa kumsumbua. Nilimwambia safari yetu iliishia Kongo, na nyumbani kaburi lake limeshapata mtu. Nilikaa naye mpaka wakafunga geti. Pale alipo hakuna anayemdai kitu, na Rex hajawahi kumuuliza yeye ni wa nani.

Usiogope, sitasema. Jenga, ulee watoto. Wakikuuliza babu yao amelala wapi, waonyeshe kaburi lako.

Mimi Nekoye ameniingiza kwenye chama cha mazishi cha kanisa. Siku ikifika watanipeleka makaburi ya Lang'ata. Ukisikia usihangaike kuja. Najua huwezi kufika kwa watu mikono mitupu.

Rosebella, binti Ogweno